Mwalimu wa Chapa na Kioo cha Rangi Moja

Kitu pekee nilichowahi kuona kikimpandisha Mwalimu wa Chapa juu ya meza ni kuku. Nyoka aliingia mle darasani mara mbili na Mwalimu akamfukuza kwa ufagio huku anamsema. Lakini siku jogoo wa jirani alipoingia anajivuna kama bwana afya aliyekuja kukagua vyoo, Mwalimu alipanda mezani na viatu vyake, akakusanya sketi magotini, na huko huko juu akaendelea kusoma imla: "Mheshimiwa, koma, ninayo heshima, wewe binti wa nyuma umeruka herufi, ninayo heshima kuomba nafasi ya kazi." Wasichana kumi na wawili wakaendelea kupiga. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka jogoo alipotoka kwa hiari yake.

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria yangu ya uji wa kuuza. Nilicheka kwa niaba ya wote.

Jina lake analo, lakini Tarime mjini tulimwita Mwalimu wa Chapa, na nikimtaja kwa jina leo watu wa pale watauliza huyo ni nani. Alikotoka sikumuuliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, si kama hiki chetu tulichokisomea darasa la nne na kukimalizia sokoni. Nilipokuja kumfahamu tayari alikuwa na chumba chake cha kupanga nyuma ya maduka, mashine za chapa sita, na saa ya mkononi iliyokwisha kufa zamani. Ukichelewa alikuwa anaigonga gonga ile saa mbele ya pua yako. "Unaona hii?" Nani angemwambia imesimama? Mimi nilimwambia. Akanijibu, "Imesimama kwa sababu ya watu kama wewe."

Alimwita kila mwanamke binti. Mimi nina watoto wanne wakati huo, ananiita binti. Mama mmoja mwenye wajukuu alikuja kulipia mjukuu wake, naye akaitwa binti, akatoka pale anatembea kwa madaha.

Kufundisha kwake kulikuwa hivi. Wasichana wawili wawili kwenye mashine moja, mmoja anapiga, mwenzake anangoja zamu na kusoma kitabu. Anayepiga anafunikwa mikono kwa kipande cha kitenge ili asichungulie vitufe. Mwalimu anakaa kawageuzia mgongo, anatafuna muwa. Ndiyo, muwa, mwanamke mzima, darasani! Kisha bila kugeuka anasema, "Wa tatu, kidole kidogo umekifanya mgeni. Kidole kidogo nacho kimeumbwa na Mungu." Alikuwa anasikia. Kila kidole kina mlio wake, aliniambia, na kile cha mwisho kinagonga kwa woga.

Wazazi walistaajabu sana. Walikuwa wanaleta wageni kuja kumtazama anavyokosoa kwa mgongo. Mimi nilimsifia pamoja nao mpaka nilipojua kwa nini alikuwa anakaa vile. Macho yake yalikuwa yanamwacha. Kugeuka kusingemsaidia kitu.

Niseme kwanza hali ilivyokuwa, maana mtu asiyeijua miaka ile ya dhahabu ataona tulikuwa wendawazimu. Na tulikuwa. Machimbo yalikuwa Nyamongo, na kila mwenye sururu alikuwa tajiri wa kesho. Wanaume wa Nyarero waliacha mahindi yanamezwa na magugu. Mtu alikuwa anaondoka nyumbani peku, anarudi na viatu jozi tatu na redio mbili, zote anazifungulia pamoja. Jirani yangu alinunua jokofu na kijiji chao hakina hata nguzo ya umeme. Mkewe alikuwa anatunzia mashuka humo. Yalikuwa yanatoka yamenyooka, siwezi kusema uongo.

Mwalimu wa Chapa aliidharau dhahabu waziwazi. Alisema ni ugonjwa wa watu wazima. Lakini alikuwa na jino moja la dhahabu, huku kushoto, na akicheka alikuwa anaelekezea upande huo. Ukimuuliza anasema hilo ni tiba. Alikuwa na mambo hayo. Vijana wa machimboni walipokuja wamejaa vumbi kutaka barua ya kwenda kwa mama zao, aliwapigia bure na kuwaongezea maneno ya adabu ambayo hawakuyasema. Mimi rafiki yake nikitaka barua, nalipa. "Wewe una uji," anasema.

Sasa mwanangu Bhoke. Huyu ndiye kifungua mimba wangu, na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hapo hapo baba yake mdogo akamletea mchumba, mchimbaji mzee mwenye ng'ombe na meno machache. Nilimwambia shemeji, mtoto anasoma chapa, akimaliza ndipo tuzungumze. Akakubali kwa shingo upande. Kwa hiyo chumba kile cha mashine sita ndicho kilichokuwa kinasimama kati ya mwanangu na yule mzee. Kikifungwa, ng'ombe wanaingia zizini.

Na kilitaka kufungwa. Ofisi zilianza kusema hazitaki tena msichana wa chapa tu, zinataka anayejua kompyuta. Wasichana watatu waliomaliza kwa sifa walirudishwa na barua zao. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba wanalipia watoto wajifunze kitu kilichokufa.

Mwalimu akaitisha kikao. Akasimama, akasema bila kuzunguka: tununue kompyuta au nifunge mlango. Na wazazi, kwa kuwa nusu yao walikuwa na mashimo, wakafanya kama wanavyofanya machimboni mtu akipata shida: kila familia itoe mfuko mmoja wa mawe yenye dhahabu. Mifuko ikaja, mawe yakatwangwa, udongo ukaoshwa, na kilichobaki kikafungwa kwenye karatasi ndogo. Mimi nilitwanga mfuko wangu mwenyewe kwa mikono hii. Mabega yaliuma wiki nzima.

Ndipo tukaambiwa kuna kompyuta za namna mbili. Kuna yenye kioo cha rangi zote, kama televisheni za matajiri, na kuna yenye kioo cha rangi moja, giza tupu halafu maandishi yanawaka juu yake. Thamani ya mawe yetu ilikuwa inatosha kompyuta moja tu yenye rangi zote. Au mbili za kile kioo cha rangi moja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa ng'ombe kabla hajawa mtu wa dhahabu. Akasimama na fimbo yake.

"Ndugu zangu, tumeonana hapa kama wazee wa upande wa binti wanaokwenda kuchagua mahari. Ukienda kwenye zizi la mtu unatazama nini? Unatazama rangi, unatazama pembe, unatazama mnyama anavyosimama. Hatuwezi kupokea kitu cheusi cheusi wakati wa rangi wapo!"

Makofi.

Mwalimu akauliza, "Bwana Mwenyekiti, ng'ombe mweusi akikamuliwa, maziwa yanatoka meusi?"

"Mwalimu, usitupeleke huko."

"Umetupeleka wewe. Barua ya kuomba kazi inaandikwa kwa rangi ngapi? Karatasi ikitoka mle ndani ni nyeupe na wino ni mweusi. Hizo rangi nyingine zinabaki kwenye kioo, mnataka kuzila?"

"Wageni wakija wataona nini?" akadakia baba mmoja kutoka Nyansurura, aliyekuwa na binti darasani. "Wataona tumenunua televisheni mbovu!"

Makofi tena, makubwa zaidi. Kura ikapigwa na ya rangi ikashinda kwa kishindo. Wakamtuma Mwalimu kwenda Kisumu, kwa sababu upande wa Kenya ndiko zilikopatikana kirahisi. Na kwa kuwa walimjua ana shingo ngumu, wakatafuta mtu wa kumsindikiza ahakikishe inanunuliwa ya rangi. Mtu wa kuaminika, asiyeogopa Mwalimu, mwenye sauti. Wakanichagua mimi. Nilisimama nikashukuru kikao.

Safari ile niliigundua tabia yake nyingine: hakuweza kukaa kimya garini. Tangu Sirari mpaka Kisumu alikuwa anamsahihisha kondakta Kiswahili. Kondakta anasema, "Mathe, songa hapo mbele kidogo," naye anajibu, "Sogea, kijana, si songa. Na mimi si mathe, mimi ni mwalimu." Mpaka tunafika kondakta alikuwa anaomba radhi kabla hajafungua mdomo.

Duka lenyewe lilikuwa la kijana mmoja mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka linakata. Akaziwasha zote mbili, moja huku, nyingine kule. Ile ya rangi, naapa, ilikuwa nzuri. Kioo cha samawati kama anga baada ya mvua, maandishi meupe, pembeni mstari mwekundu na mwingine wa kijani. Nikaona Mwenyekiti ana haki yake. Nikaona na wale wageni watakaokuja.

"Si ni smart?" kijana akasema. "Hii ndio kila mtu anataka, mama."

Mwalimu akaisogelea. Akaisogelea tena. Akaenda mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, na bado midomo yake haikutikisika. Maandishi ya ile ya rangi yalikuwa mazuri kwa mbali, lakini kwa karibu kila herufi ilikuwa na ukungu, kama kitambaa kilichochuja. Akaniuliza polepole, bila kunitazama, "Binti, hapo pameandikwa nini?"

Nikamsomea. Ilinichukua muda, darasa la nne langu hilo. Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa mimi namwona yeye kuliko anavyoniona.

Akahamia kwenye ile ya rangi moja. Kioo cheusi, herufi za rangi ya chungwa lililoiva, kali, zimesimama kila moja peke yake kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Akavuta kiti akakaa umbali wa mtu anayefanya kazi. Akasoma. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mbio mbio, sauti yake inapanda, akamalizia na nukta. Akageuka na jino lake la dhahabu nje.

Kisha akaona uso wangu.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi usione."

Kijana wa duka anatutazama, anadhani tunagombania bei. Nikatoka nje kidogo. Niwe mkweli, sikumfikiria yeye kwanza, nilimfikiria Bhoke. Tukinunua ya rangi, Mwalimu hataweza kusoma kilichomo, na wazazi watajua ndani ya wiki moja. Nani atamlipa kipofu amfundishe mtoto wake kompyuta? Watatoa mabinti zao, chumba kitafungwa, na shemeji atakuja na ng'ombe na yule mzee wa meno machache. Tukinunua za rangi moja, mimi niliyetumwa kwa kura nitarudi msaliti. Ndipo nikamfikiria na yeye, aliyekaa miaka yote kawageuzia mgongo.

Nikarudi ndani nikamwambia kijana, "Funga hizi za chungwa. Mbili."

"Mama, si mlisema ya rangi?"

"Mimi ndiye kikao. Funga."

Njia nzima ya kurudi Mwalimu hakumsahihisha mtu hata mmoja. Tulipokaribia Sirari akasema, "Utawaambia nini?" Nikasema, "Uongo." Akasema, "Uwe na koma na nukta, basi."

Kesho yake kamati nzima ikaja darasani. Jenereta ya mtu wa machimbo ikawashwa nje, inakohoa. Mwenyekiti alizunguka zile kompyuta mara mbili. Akainama nyuma, akaipiga moja ubavuni kwa kiganja kama anavyompima fahali, akasikiliza. Kisha akanigeukia.

"Mama Bhoke. Tulikutuma ng'ombe mwekundu mmoja. Hawa weusi wawili wametoka wapi?"

"Mwenyekiti, umewahi kuona wazee wa upande wa binti wanarudisha ng'ombe kwa sababu wamezidi?"

Watu wakaguna. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia mzima mzima.

"Wasichana ni kumi na wawili! Kwa moja, mtoto wako anaigusa kwa wiki mara ngapi? Wengine kumi na mmoja wanatazama rangi? Halafu ile ya rangi inaharibu macho. Nimeiona mimi mwenyewe. Nilikaa nayo kidogo tu mpaka leo naona maruweruwe. Mnataka kuoza mabinti vipofu?"

Hapo wakatulia. Baba wa Nyansurura akasogea, akauliza kwa sauti ya chini kama macho yanaharibika kabisa au kwa muda. Nikamwambia kabisa.

"Isome basi," Mwenyekiti akasema, anamnyooshea Mwalimu fimbo. Alikuwa amemwambia mmoja wa wasichana aandike kitu. "Tuone kama inafanya kazi."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa umbali ule ule wa Kisumu, akasoma: "Mwenyekiti wetu ana ng'ombe mia, na mwanya wa kupendeza." Hata koma akaitaja. Chumba kikalipuka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka fimbo ikamwanguka, akauliza ni binti wa nani yule, akaambiwa ni wake.

Hivyo ndivyo tulivyopata kompyuta mbili za rangi ya chungwa, na uvumi ukaenea kuanzia Tarime mpaka Mugumu kwamba kompyuta za rangi zinapofusha. Wapo wanaoamini mpaka leo. Mwaka mmoja baadaye mtu mmoja tajiri alikuwa anauza ya kwake ya rangi kwa bei ya kutupa, hakupata mnunuzi. Naomba radhi kwake, kama yu hai.

Bhoke alimaliza. Akapata kazi Mugumu kwenye ofisi, akaolewa alipotaka, na mtu mwenye meno yote. Mwalimu aliendelea miaka mingi kidogo, darasa kwa darasa, wasichana wakatoka mle wakaenda Musoma, wakaenda Mwanza, mmoja yuko Nairobi na anajisikia. Kisha siku moja mlango ulifungwa kwa utaratibu, mashine zikagawiwa, na yeye akaenda kuishi kwa mpwa wake Natta, anayefanya kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii.

Na mimi miaka yote hiyo nilinyamaza. Mimi! Waulize watu wa sokoni kama nimewahi kunyamaza juu ya jambo lolote. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mchungaji, sikumwambia hata Bhoke. Jambo hilo lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Nikijisifu moyoni, na nilijisifu sana, nilikuwa najisifu kwa hilo: kwamba katika wilaya mbili ni mimi peke yangu niliyejua.

Tulikwenda kumwona mwaka juzi, mimi na Bhoke. Tulimkuta nje kwa mpwa wake, ana kanga mpya, macho yamekwisha kabisa sasa, yako wazi na hayaendi popote. Bhoke akapiga goti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Bado unagonga A kwa woga?"

"Nimeacha, Mwalimu."

"Na huyo mwingine anayehema kama jenereta ni mama yako."

Tukakaa. Mpwa wake akaleta ugali na mboga. Tukazungumza waliokufa na walionenepa. Nikaona huu ndio wakati. Nimezeeka, yeye amezeeka, siri imeiva. Nikakohoa nikasema, "Mwalimu, yale ya Kisumu sijamwambia mtu mpaka leo. Hakuna aliyejua ila mimi na wewe."

Bhoke akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama," akasema, "Mwalimu kutoona? Darasa zima tulikuwa tunajua kabla hamjaenda hiyo Kisumu. Na zile za chungwa zilimsaidia mwaka mmoja tu. Baada ya hapo tulikuwa tunamsomea. Kila anayepiga anasoma kwa sauti ndogo mstari wake, tukamaliza sisi tukawafundisha waliokuja nyuma yetu."

"Na hukuniambia? Mimi mama yako?"

"Nani angekwambia wewe, mama? Na huo mdomo?"

Nilitaka kusimama niondoke, lakini magoti yangu hayasimami upesi. Mwalimu akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akaupata wangu.

"Binti, usimcheke mama yako," akamwambia Bhoke. "Ninyi mlikuwa kumi na wawili, mnapokezana. Yeye aliibeba peke yake."

Nikavuta sahani kwa mkono mwingine nikamega ugali, maana ule mkono alioushika hakuwa ameuachia.